UZI: Kisiwa cha Mombasa kwa miguu, kutoka Marikiti hadi Likoni

#1 Mwana_wa_Kuze

Salaam kwenu nyote.

Shule zikikaribia kufungwa, jamaa zangu wa bara huniuliza swali moja: tukija Mombasa, tutazame nini? Na najua wengi wao wataishia wapi. Watashuka kituo cha reli Miritini, wapakiwe garini moja kwa moja hadi Bamburi au Diani, wakae hotelini siku zao zote, na kisiwa chenyewe wakione kupitia dirishani wakiwa kwenye foleni ya feri. Jambo hili hunisikitisha sana. Kisiwa chetu ni kidogo na kinatembeka. Mtu mwenye miguu mizima anaweza kutoka sokoni asubuhi, akapita Mji wa Kale, ngome na bustani za katikati ya mji, na magharibi ikamkuta ameketi chini ya mbuyu akitazama meli zikiingia Kilindini, wala hajalipa nauli ya tuktuk.

Naandika uzi huu niwe nautuma kila nikiulizwa. Wenyeji mnaojua zaidi ongezeni.

La kwanza ni saa. Watu huchukua ramani ya simu, wakapanga vituo kwa ukaribu, kisha saa saba mchana wanajikuta Moi Avenue wako hoi kwa jua. Mombasa hutembewa kwa kufuata kivuli. Asubuhi uwe Mji wa Kale, kwa sababu vichochoro vyake vina kivuli mpaka jua lipande utosini. Adhuhuri jisitiri ndani ya jengo, au rudi ulikofikia ukalale. Alasiri ndiyo saa ya bustani na bahari. Ukiupindua mpangilio huo utauchukia mji bure.

Anzia Marikiti kama saa moja na nusu asubuhi. Usiogope zogo. Maduka ya viungo yako nyuma ya soko, na asubuhi wenyewe ndio kwanza wanafungua magunia: iliki, mdalasini, bizari, pilipili manga, na masala ya pilau na biriani yaliyokwisha kuchanganywa. Nunua kidogo, maana utabeba siku nzima. Hapo shika Langoni, utapita hekalu la Wajaini lenye marumaru nyeupe na sanamu za ndovu mlangoni, kisha uzidi kuteremka kuelekea Bandari ya Zamani.

Hapa ndipo ninapomwomba kila mgeni apunguze mwendo. Mji wa Kale hauna kitu kimoja kikubwa cha kuonyesha. Umejaa vitu vidogo vingi: mlango wa mti uliochongwa minyororo na maua pembezoni, roshani ya mbao iliyotokeza juu ya kichwa chako, baraza la mawe mbele ya nyumba ambapo wazee wamekaa na kahawa. Tazama muuza kahawa anavyoushika mkono wa dele lake, birika la kahawa, makaa yakiwa chini yake, na vijikombe vya udongo mkono wa pili akivigonganisha ili watu wajue amefika. Kahawa ni chungu, haina sukari, nayo huliwa na halua au kashata. Simama unywe. Usiinywe ukitembea.

Bandarini mnadani kuna samaki wa asubuhi. Majahazi si mengi kama zamani, lakini hayajaisha. Karibu na hapo ni uwanja wa Government Square, na nyuma yake Leven House, yenye ngazi zinazoteremka hadi majini. Jina lile limetoka kwa meli ya Kiingereza iliyofika na Kapteni Owen mwaka 1824, akatundika bendera ya himaya ambayo serikali yake yenyewe iliikataa, ikateremshwa mwaka 1826. Shuka ngazi ukipata nafasi, upepo wa pale ni wa pekee.

Kutoka hapo geukia kusini. Njia ya Mbarak Hinawy itakupitisha Msikiti wa Mandhry, wenye mnara ulionenepa chini na kuchongoka juu, ambao hutajwa kuwa wa mwaka 1570. Au pita Ndia Kuu, yenye nyumba nzuri zaidi kwa maoni yangu. Zote mbili zinakutoa Ngomeni.

Fort Jesus yenyewe ingia kabla ya saa tano. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Karibu miaka 3 watu wamefungiwa mle, na wengi wa waliokufa waliuawa na njaa na maradhi kuliko risasi. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Ndani usiikose sehemu ya vyombo vilivyoopolewa kwenye Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama hapo mbele ya ngome mwaka 1697, wakati wa mzingiro ule ule. Panda ukutani upande wa bahari, na ukiangalia mlango wa bandari utafahamu mara moja kwa nini kila aliyetaka pwani hii alianza na mwamba ule.

Adhuhuri pumzika. Mazuri ya mbele nitayaandika baadaye, nimeitwa dukani.

#2 Mgeni_Eldoret

Asante sana, ndugu. Nilikuwa nikingoja mtu aandike hivi. Nakuja na mamangu, ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Ataweza? Na usalama ukoje? Kwetu watu husema Mji wa Kale ni mahali pa kupotea na kuibiwa.

#3 BintiTononoka

Karibuni sana, na mama tumpokee kwa mikono miwili.

Kuhusu usalama nitasema kama mwanamke anayepita humo peke yangu. Mchana Mji wa Kale una macho mengi kuliko mtaa wowote ninaoujua. Kila baraza lina mzee, kila dirisha lina bibi. Ukipotea, salimia kwanza ndipo uulize. Ukimkuta mtu mzima, "Shikamoo" au "Salaam alaikum" hufungua kila mlango, na mara nyingi utapewa mtoto akusindikize hadi njia kubwa. Anayepita kama amekuja kukagua, hasalimii mtu, huyo ndiye anayejiona yuko ugenini. Simu usiishike mkononi ukiwa Digo Road au Mwembe Tayari penye msongamano. Hayo ni ya mji wowote.

Mavazi: si lazima buibui, lakini jisitiri. Kaptura fupi na mabega wazi ni ya ufuoni. Leso moja begani hutosha, na ikiwa huna, Mtaa wa Biashara uko ng'ambo ya Digo Road kutoka Marikiti. Pale maduka yanatazamana pande mbili, leso zimetundikwa toka dari hadi sakafu. Soma jina lake kabla ya kununua! Usimpelekee mama mkwe leso yenye mafumbo.

Picha: milango piga, watu waombe. Kina mama wakikataa usibishane nao. Na Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane kasoro, acha njia za misikitini ziwe za waendao kuswali.

Ramadhani mambo hugeuka. Mchana mji umelala, lakini baada ya futari hadi usiku mkubwa Mji wa Kale unameremeta, watoto wako nje, mishikaki inachomwa, viazi karai, kaimati, kila kona. Aliyeuona wakati huo hausahau.

#4 Fundi_Boriti

Mwana_wa_Kuze umesema kivuli, niongezee kidogo kwa upande wa ujenzi, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Kuta za nyumba zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba ukikaa dirishani mwili wako wote unaenea ndani ya upana wa ukuta. Joto la mchana huchelewa kupenya. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi gogo refu lililonyooka la kutosha, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu, karibu mita 2 na nusu au 3 za upana. Boriti ndiyo iliyoamua chumba kiwe kipana kiasi gani. Vichochoro navyo ni vyembamba ili nyumba moja iikinge nyingine jua, na vingi vinaelekea majini, hivyo upepo wa bahari unaingia mpaka ndani.

Ukitembea, weka kiganja kwenye ukuta wa zamani kisha kwenye ukuta mpya wa saruji, jirani yake. Saa nne asubuhi tu utaona tofauti. Inaniuma kuona wenye nyumba wakibomoa matumbawe wakapandisha ghorofa za matofali ya saruji, kisha wananunua feni tatu. Siwalaumu kwa umaskini, ukarabati wa chokaa ni ghali na mafundi tumebaki wachache. Lakini nyumba ikishabomolewa hairudi, na kichochoro kinapoteza kivuli chake.

Na mkiona rangi nyeupe na buluu kila mahali katikati ya mji, hiyo ni amri ya kaunti ya mwaka 2018. Mawe chini ya rangi ndiyo yenye habari.

#5 MkuuTanga

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Uzi mzuri sana huu. Swali langu: zile Pembe za Ndovu. Kila picha ya Mombasa lazima ziwepo. Zina thamani ya kutembea huko kote juani, au ni za kupitia kwa gari tu?

#6 Mwalimu_Mstaafu_Ganjoni

Mkuu wa Tanga, zina thamani, ukiziendea kwa mpango.

Pembe ni za alumini. Ziliwekwa kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1952, zikaongezwa kwa ziara ya Binti Mfalme Margaret mwaka 1956, ndiyo maana leo ni jozi mbili, kila jozi upande wake wa barabara, na kwa pamoja zinafanya umbo la herufi M. Barabara yenyewe, Moi Avenue ya leo, enzi hizo ikiitwa Kilindini Road. Ninaowapeleka huko huwa nawakalisha kwanza Uhuru Gardens, kando yake, kwenye kivuli cha miti mikubwa. Mle kuna bwawa lenye umbo la bara la Afrika. Kaa, kunywa maji, tazama watu. Kisha toka upige picha ukiwa upande wa waenda kwa miguu. Tafadhalini sana msisimame katikati ya barabara, tuktuk na matatu hazina huruma pale.

Njia ya kufika ndiyo muhimu. Kutoka Ngomeni shika Nkrumah Road. Mbele ya ngome kuna mahakama ya zamani ya mwaka 1902, leo iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Makaburi ya Wamazrui, waliotawala Mombasa mpaka mwaka 1837, yako karibu hapo. Mbele kidogo ni Treasury Square, bustani ndogo yenye sanamu ya Allidina Visram, mfanyabiashara aliyesambaza maduka yake kufuata reli mpaka Uganda. Halafu makanisa makuu mawili, la Kianglikana lenye kuba utakalodhani ni msikiti ukiliona kwa mbali, na la Kikatoliki la Roho Mtakatifu. Yote hayo kwenye mwendo mfupi. Sijui barabara nyingine Kenya ambapo ndani ya robo saa unapita ngome ya Mreno, makaburi ya masheikh, sanamu ya Mhindi na makanisa mawili, na adhana inakufikia kutoka kila upande.

Jambo moja ambalo wanafunzi wangu walilipenda: kabla ya magari, Mombasa ilikuwa na vitoroli vilivyopita juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu, kutoka mjini huku hadi Kilindini. Maofisa walikuwa na chao, na nyumba nyingi zilikuwa na tawi la reli mpaka mlangoni. Vilidumu hadi miaka ya 1920. Ukitembea Nkrumah Road unafuata njia ile ile, ila sasa unajisukuma mwenyewe.

Na wa kale zaidi: Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331. Aliandika kwamba watu wa hapa hutembea pekupeku, misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na mlangoni kuna kisima ambapo kila aingiaye huosha miguu, akaipangusa kwenye mkeka mnene. Mji huu umekuwa wa miguu tangu hapo.

#7 Mwana_wa_Kuze

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Umenipunguzia kazi.

Basi nimalizie alasiri. Ukitoka Uhuru Gardens au ukiamka usingizini, elekea Mama Ngina, si kabla ya saa tisa na nusu. Nyerere Avenue inakufikisha, lakini ni barabara ya magari yaendayo feri, haina raha ya mguu. Hapo tu nakubali tuktuk. Mwambie akushushe upande wa Kizingo, ili wewe utembee kuelekea Likoni na jua likiwa linateremka mbele yako.

Zamani tukiiita barabara hii Azania Drive, wazee wengine mpaka leo. Ilikarabatiwa, ikafunguliwa upya mwaka 2019 siku ya Mashujaa, na sherehe za taifa mwaka ule zilifanyika papo hapo. Njia imetandazwa vizuri, kuna mabenchi, na mibuyu iko. Mibuyu ile ni mikubwa hata watu wanne wakishikana mikono hawaizunguki baadhi yake. Mtu wa bara aliyezoea mbuyu wa kwenye picha, mpelekeni akauguse.

Kiini cha matembezi ni Laithausi, kwenye mnara wa taa, Ras Serani. Magari yamejipanga, familia zimetandika mikeka, na harufu ya mihogo inakupokea kabla hujafika. Mihogo ya kukaanga, krispi za mihogo, viazi karai, maembe mabichi yaliyokatwa. Muuzaji huupasua muhogo ubavuni, akaujaza pilipili na chumvi kwa kidole gumba, akakamulia ndimu, akaufunga kwenye gazeti. Ndimu inapoloweka gazeti ndipo unapofaa kuliwa. Madafu yako hatua chache: sema mapema unataka la maji au lenye nyama laini, yeye atagonga kwa kisu na kujua bila ya kulikata.

Na meli! Mlango wa Kilindini ni mwembamba pale, meli ya makontena inapita karibu kiasi cha kuwaona mabaharia walio kwenye ukingo wa sitaha. Watoto huwapungia mikono, na mara nyingi nao hupunga.

#8 MamaWatatu_Kizingo

Nimeishi Kizingo tangu niolewe, na Mama Ngina ninaipenda kama sebule yangu. Ndiyo maana nataka tuseme na lisilopendeza.

Kutazama ramani, ungetarajia utoke Ngomeni ushike ukingo wa bahari moja kwa moja hadi Laithausi. Huwezi. Baada ya ngome ukingo umeshikwa na klabu, hospitali, majumba ya watu, Ikulu. Kila mahali ni ukuta na lango, bahari unaisikia tu kwa nyuma. Mtu anayetembea anarudishwa barabarani, kwenye joto, njia ya miguu ikikatika kila hatua kwa gari lililoegeshwa. Mji uliozungukwa na maji, na mtoto aliyezaliwa Majengo au Bondeni anaweza kukua akaiona bahari kwa safari tu, siku ya Idi.

Siombi maajabu. Naomba njia moja ya waenda kwa miguu, yenye miti, kutoka Ngomeni hadi Kizingo, hata kama si ukingoni kabisa. Mwarobaini ukipandwa leo, baada ya miaka michache kina mama watatembea na watoto chini yake. Miti iliyopandwa na waliotutangulia ndiyo tunayokaa chini yake Uhuru Gardens na Treasury Square. Sisi tunawapandia nani?

Na vyoo. Tuseme wazi: mwanamke, mzee, mtoto, hawawezi kutembea nusu siku bila choo. Kwa sasa pangeni kwa Fort Jesus na mikahawa.

#9 Fundi_Boriti

Mama umesema kweli tupu. Mwarobaini, mkwaju, mkungu. Mkungu hasa, matawi yake yamelala bapa, kivuli chake ni kipana kama jamvi. Na hauogopi upepo wa chumvi.

#10 Nahodha_Mzee

Vijana, mmesema yote ya nchi kavu, mmeyaacha maji.

Kabla ya kwenda Mama Ngina ulizia maji. Yakijaa, hasa bamvua, mawimbi yanapiga mwambani na kurusha mvuke mpaka njiani, ndipo pazuri. Yakipwa unaona mwamba mtupu na mwani, na vijana wameshuka kuvua. Yote mawili yana uzuri wake, lakini msiwaache watoto washuke mawe yakianza kujaa. Mwamba ule ni mkali kama wembe na una utelezi.

Misimu: kaskazi, Novemba hadi Machi, bahari ni tulivu na joto ni kali. Kusi linapoanza, Aprili kwenda mbele, upepo unaingia kwa nguvu upande wa Laithausi, na masika ya Aprili na Mei hugeuza barabara nyingine kuwa mito. Mimi ningemwambia mgeni aje Agosti au Septemba. Kumepoa, mvua imepungua, mtu anatembea bila kutweta.

Na ukifika Likoni usigeuke ukarudi. Panda feri kwa miguu, waenda kwa miguu hawalipi. Vuka, kisha urudi na feri hiyo hiyo. Katikati ya mlango tazama upande wa bahari, utaiona Mombasa kama tuliyoiona sisi tukirudi safari: mibuyu juu ya mwamba na mnara wa taa. Ila msiende saa kumi na moja jioni, wakati watu wanatoka kazini. Mtasukumwa mpaka muichukie. Wala msitoe simu kupiga picha feri.

#11 Mwana_Kisauni

Kisiwa, kisiwa, na sisi wa ng'ambo je?

Nyali Bridge ina njia ya miguu pembeni, mamia huvuka kila asubuhi kwenda vibaruani. Daraja hili ni la 1980, kabla yake kulikuwa na lile la kuelea la mwaka 1931. Juu ya daraja una Tudor upande mmoja na Mji wa Kale upande wa pili, umepangika juu ya maji. Ukishuka, Kengeleni pana mnara wa kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa watumwa walioachiliwa huru. Kengele ilipigwa kuwaonya watu. Wazao wao wapo mpaka leo Kisauni, ni majirani zetu. Mtu asipite pale akidhani ni steji ya matatu tu.

Upande wa Nyali pia liko kaburi la mkewe mmishonari Ludwig Krapf na mtoto wao mchanga, walikufa mwaka 1844, mwaka ule ule waliofika.

Kwa bustani halisi nendeni Haller Park, Bamburi, kwa matatu. Palikuwa na machimbo ya saruji, jangwa la mwamba mweupe. Mwaka 1971 Rene Haller akaanza kupanda mivinje, kisha akaleta majongoo wale majani yaliyokauka, wageuze udongo. Leo ni msitu, una twiga na viboko. Ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaambatana na kobe mkongwe Mzee. Njia ni tambarare na kivuli ni tele, hata mchana. Mamake Mgeni_Eldoret atapaweza.

#12 MkuuTanga

Nimeelimika mno. Nahodha, hiyo ya feri naichukua.

#13 Mgeni_Eldoret

Nimesoma yote mara mbili, na mama nimemsomea. Ameuliza mambo mawili: Fort Jesus ina kupanda? Na siku gani ni bora, Jumamosi au Jumapili?

#14 Mwana_wa_Kuze

Mama mpe shikamoo yangu.

Ngomeni njia ya kuingilia inapanda, nayo ni mawe, lakini ni fupi, na ukishafika uani ni tambarare. Asipande ukutani. Akae kwenye uwanja wa ndani na aone vyumba vya makumbusho, wewe panda ukamletee picha. Mji wa Kale asifanye wote: mchukue Ndia Kuu kutoka upande wa ngome, mtembee taratibu mpaka Government Square na kurudi. Ni tambarare, na mabaraza ya kuketi yapo, aombe tu. Hakuna nyumba itakayomkatalia mama wa miaka 70 kukaa barazani, huenda hata akaletewa chai. Marikiti mwache, ni mbanano na sakafu huwa na maji. Pembe muone mkiwa kwenye tuktuk mkielekea Mama Ngina, na huko kuna mabenchi na sakafu laini, hapo ndipo mtakapokaa naye hadi magharibi. Siku ya pili mpelekeni Haller Park.

Chagueni Jumamosi. Jumapili asubuhi maduka mengi ya katikati ya mji yamefungwa, na jioni yake Mama Ngina hujaa mpaka hakuna pa kuweka mkeka. Mkiwa tayari nijulisheni hapa siku mbili kabla, nitawapokea mbele ya lango la Fort Jesus saa mbili asubuhi, na mwavuli wa mama nitakuja nao.

#15 BintiTononoka

Na mimi nitakuja na mahamri na mbaazi. Mama asinunue kiamsha kinywa hotelini.